Kutu Haisubiri Bajeti

Wasomaji wangu wa siku zote mmenizoea nikijadili katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naomba tuzungumze juu ya kutu. Siyo mzaha, wala sijaikimbia siasa. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwafundisha vijana wa uhandisi somo la vifaa vya ujenzi, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hali ya zege katika majengo na madaraja ya umma hueleza mengi kuhusu namna tunavyojitawala kuliko hotuba nyingi tunazozisikia majukwaani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ilizaliwa katika nyumba za fito na udongo, na huko ilikuwa kweli tupu: ufa huanza nje, mwenye nyumba huuona asubuhi akitoka, hukanda udongo na kuuziba kabla ya mvua. Lakini kwa zege lenye nondo methali hii imechelewa. Humo ugonjwa huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na ufa unapojitokeza juu huwa ni dalili ya mwisho. Anayesubiri kuuona ufa ili auzibe, huyo tayari anajenga ukuta.

Naomba nieleze kwa kifupi jambo hilo linavyotokea. Zege zima huilinda nondo kwa kemia yake. Maji yaliyomo katika vinyweleo vya zege ni ya alkali kali, pH yake ikiwa kati ya 12.5 na 13.5 hivi, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba mno unaokizuia kupata kutu. Utando huo una maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni hewa ya kaboni dioksidi, ambayo hupenya polepole mwaka hadi mwaka na kuipunguza alkali ile. Wa pili ni chumvi, hasa kloridi, ambayo hutoboa utando hata pale alkali inapokuwa bado ipo. Chumvi hiyo huja na upepo wa bahari na mawimbi, huja na maji ya kisima chenye magadi na chumvi, na wakati mwingine huchanganywa na mikono yetu wenyewe pale mchanga wa ufukweni unapopakiwa kwenye lori usiku na kupelekwa kiwandani au kwenye ujenzi. Utando ukishatoboka, kutu huanza. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili hadi sita, kwa hiyo huvimba na kulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kubanduka. Ndiyo sababu katika majengo ya pwani utaona dari linadondosha vipande na nondo nyekundu zikiwa wazi kama mbavu.

Kinga yake inajulikana. Zege liwe zito na lisilo na vinyweleo vingi, maji ya kuchanganyia yawe safi, na nondo ifunikwe kwa unene wa kutosha. Fundi yeyote mzuri anavijua vile vipande vidogo vya zege viitwavyo biskuti, ambavyo huwekwa chini ya nondo ili isigusane na mbao. Biskuti moja haigharimu chochote cha kutajwa. Lakini pale msimamizi anapoondoka saa sita mchana na zege linamwagwa saa kumi jioni, biskuti husahaulika, na miaka ishirini baadaye jengo hulipa deni hilo.

Mfano ambao huwapa wanafunzi wangu kila mwaka ni wa Genoa, Italia. Daraja la Polcevera, ambalo watu walilizoea kwa jina la mbunifu wake, Riccardo Morandi, lilifunguliwa mwaka 1967. Lilikuwa fahari ya taifa. Nyaya za chuma zilizolibeba zilifunikwa kwa zege, kwa imani kwamba zege lingezilinda. Matokeo yake ni kwamba zege liliwazuia wakaguzi kuziona. Morandi mwenyewe, miaka kumi na miwili tu baada ya ufunguzi, aliandika akionya kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vya jirani vilikuwa vinalishambulia zege kwa kasi ambayo hakuitarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyaya za nguzo moja ziliimarishwa. Za nguzo nyingine hazikufanyiwa hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Politecnico di Milano walipima mitetemo ya nyaya, wakaona tabia isiyo ya kawaida katika nyaya za nguzo ya 9, wakapendekeza vifungwe vihisi vya kudumu ili ziangaliwe wakati wote. Vihisi havikufungwa. Mradi wa kuimarisha ulikuwa umeshapangwa na zabuni imeshatangazwa. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua ikinyesha, sehemu ya daraja iliyobebwa na nguzo hiyo ya 9 ikaanguka na watu 43 wakafa.

Nautaja mfano huu kwa sababu unalivunja wazo tulilolizoea kwamba maafa ya namna hii ni ya nchi maskini. Italia ina wahandisi, ina maabara, ina fedha. Marekani nayo inavyo vyote hivyo, na bado tarehe 24 Juni 2021 jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South liliporomoka huko Surfside, Florida, likaua watu 98, ilhali mhandisi alikuwa ameandika taarifa mwaka 2018 kuhusu uharibifu mkubwa wa zege chini ya sakafu ya bwawa la kuogelea. Wachunguzi wa jengo hilo wameonyesha pia kasoro za usanifu, na sisemi kwamba kutu peke yake ndiyo iliyoliangusha. Nasema kwamba katika visa vyote viwili kulikuwa na mtu aliyejua, naye alikuwa ameandika.

Sasa nije kwenye vihisi vyenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, miongoni mwa wengine, walitumia miaka mingi kutengeneza kihisi ambacho hakina betri wala waya wa kutoka nje. Ni kifaa kidogo cha kutoshea kiganjani. Ndani yake mna koili ya waya na kapasita, vilivyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji. Kutoka kwenye kasha hutokeza waya mwembamba wa chuma ulioachwa wazi makusudi. Kifaa hufungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, kisha huzikwa humo kwa uhai wote wa jengo. Yanayoipata nondo huupata waya ule pia, ila kwa kuwa ni mwembamba, wenyewe hukatika mapema. Waya huo ni kafara.

Mkaguzi akija, husogeza kisomaji chenye koili yake karibu na uso wa zege na kurusha mawimbi. Koili iliyozikwa huokota nishati kidogo kutoka kwenye mawimbi hayo na kuitikia. Kila saketi ya namna hii ina masafa yake inayoyaitikia, kama vile redio inavyoitikia stesheni moja na kuzinyamazia nyingine. Waya wa kafara ukiwa mzima, kihisi huitikia kwa masafa fulani. Ukiwa umekatika, masafa hubadilika. Mkaguzi hujua kwamba chumvi au kaboni imefika kwenye kina kile, na hujua hivyo miaka kadhaa kabla ufa haujaonekana. Kukosekana kwa betri ndiko ubora wake mkuu, maana betri huishi miaka michache, na daraja hutarajiwa kuishi miaka 100.

Wazo la kifaa kinachosubiri kuamshwa kwa mawimbi kutoka nje si geni, na historia yake ina funzo la kisiasa. Mwaka 1945 watoto wa Umoja wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Léon Theremin, kisicho na betri, ambacho kilifanya kazi pale tu kiliporushiwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Kiligunduliwa mwaka 1952. Kwa miaka saba dola moja ilisikiliza siri za dola nyingine kupitia kipande cha mbao ukutani. Nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki huwa nawaambia: serikali zimekuwa na uwezo wa kusikiliza kupitia kuta kwa muda mrefu. Kusikiliza ukuta wenyewe ndiko kumechelewa.

Nisije nikaonekana mchuuzi wa vifaa, niseme pia udhaifu wake. Kisomaji lazima kisogezwe karibu sana na zege, na nondo zenyewe pamoja na zege lililolowa hudhoofisha mawimbi. Kihisi cha aina hii hujibu ndiyo au hapana. Hakisemi nondo imeliwa kwa kiasi gani. Hujua habari za pale kilipo tu, kwa hiyo daraja kubwa huhitaji vingi, na ramani ya mahali vilipozikwa ni lazima itunzwe. Lakini udhaifu unaonishughulisha mimi kuliko yote haumo ndani ya kifaa. Kihisi cha namna hii hakipigi kelele. Hakitumi ujumbe kwenye simu ya mkurugenzi. Kinajua, na kitaendelea kujua kimyakimya kwa miaka hamsini, mpaka atokee mtu wa kukiuliza.

Hapo ndipo kutu inapoingia katika siasa, na nitaeleza kwa jambo lililonipata.

Miaka michache iliyopita Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi katika mji wa pwani ya kusini alinitafuta kupitia mwanafunzi wangu wa zamani. Shule yake ina jengo la ghorofa moja, na mbele ya madarasa kuna varanda ndefu yenye slabu ya zege juu yake. Kipande cha zege chenye ukubwa wa sahani kilikuwa kimeanguka siku ya Jumapili. Siku ya shule, chini ya slabu hiyo husimama watoto wa darasa la tano wakisubiri kengele. Nilikwenda na wanafunzi wangu wanne wa mwaka wa mwisho. Hatukuwa na kihisi chochote cha kisasa. Tulikuwa na nyundo, dawa ya finoftalini ambayo hugeuka rangi ya waridi zege linapokuwa bado na alkali, na kifaa cha kupima volteji kati ya nondo na elektrodi iliyowekwa juu ya zege.

Nyundo ilitoa sauti ya debe tupu karibu theluthi ya slabu. Finoftalini haikugeuka rangi mpaka tulipopita kina cha nondo. Kwa kipimo cha volteji, kanuni inayotumika sana husema kwamba usomaji ulio hasi kuliko milivolti 350 huashiria uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kwamba kutu inaendelea. Sehemu kubwa ya slabu ilikuwa imevuka kiwango hicho. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akihoji jambo darasani, aliniuliza, "Daktari, kwa nini rangi ni mpya namna hii?" Nikamtazama Mwalimu Mkuu. Mama yule akatuambia kwamba alikuwa amekwisha kuandika barua nne. Baada ya ya pili walikuja mafundi, wakaziba kwa plasta. Baada ya ya tatu, kwa kuwa kulikuwa na ugeni wa kiongozi, jengo lote likapakwa rangi, na madoa ya kutu yakatoweka kwa muda wa mvua moja.

Niliandika taarifa ya kurasa sita na kuipeleka mwenyewe kwenye ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja. Mzee aliyenipokea alikuwa muungwana. Aliisoma yote mbele yangu, jambo ambalo si wengi hulifanya. Kisha akavua miwani, akaniambia kwa sauti ya upole, "Daktari, neno *hatari* ni zito. Likiingia kwenye jalada, lazima mtu awajibike. Tuweke *changamoto*."

Nilimjibu, "Mzee wangu, changamoto haimwangukii mtoto kichwani. Naomba libaki hatari."

Akatikisa kichwa kama anayemsikitikia kijana asiyejua dunia, akaigonga muhuri wa kupokelewa. Jibu la maandishi sijalipata mpaka leo. Aliyechukua hatua ni Mwalimu Mkuu. Jumatatu iliyofuata alifunga kamba kuzunguka varanda yote, akahamisha mlango wa kuingilia kwa kuvunja ukuta wa nyuma wa madarasa mawili kwa michango ya wazazi, na akaonywa kwa maandishi kwa kubadili jengo la serikali bila kibali. Miezi kadhaa baadaye, usiku wa mvua, mita nne za slabu zilianguka. Asubuhi watoto walizikuta chini, ng'ambo ya kamba.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaani yule mzee. Nimemfikiria sana. Hakuwa mjinga wala mwizi. Alikuwa anafanya kazi ndani ya mfumo ambao aliyeandika neno *hatari* hubaki na mzigo wa kutafuta fedha ambazo hazimo katika fungu lake, na aliyeandika *changamoto* hustaafu salama. Mfumo wa namna hiyo huwafundisha watumishi wake kuwa kama kile kihisi kilichozikwa: wajue, wanyamaze, waseme tu wakiulizwa. Na maofisini mwetu wapo wengi wanaojua. Fundi sanifu anajua daraja lipi linatingishika lori likipita. Mhasibu anajua fedha za matengenezo zilihamishiwa wapi. Mtunza stoo anajua saruji ilikuwa ya daraja gani. Tatizo letu kubwa si uhaba wa habari. Ni uhaba wa watu wenye mamlaka wanaouliza wakiwa tayari kusikia jibu.

Ipo hoja ambayo wenzangu huniletea, nayo inastahili jibu. Husema: nchi yenye upungufu wa madawati itazikaje vihisi kwenye zege? Nawajibu kwa kanuni ambayo mhandisi de Sitter aliitoa mwaka 1984, na ambayo wahandisi huiita kanuni ya tano. Shilingi 1 uliyoacha kuitumia katika kujenga vizuri itakudai shilingi 5 za kinga kabla kutu haijaanza, shilingi 25 za ukarabati ikishaanza, na shilingi 125 ukifika kwenye kujenga upya. Ni kadirio, si sheria ya maumbile, lakini nimeona mara nyingi ikikaribia ukweli. Kwa hesabu hiyo, ni maskini ndiye asiyeweza kumudu kutokupima. Na pale ambapo vihisi havipatikani, nyundo na chupa ya finoftalini zipo. Varanda ile haikuhitaji teknolojia ya Texas ili ijulikane kuwa mbovu.

Tatizo jingine ni la kiitikadi, kama naweza kuliita hivyo. Matengenezo hayana utepe wa kukatwa. Ufunguzi wa daraja huja na bendi, wapiga picha na jiwe la msingi lenye jina. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, na lile la Tanzanite lilipoanza kutumika mwaka 2022 juu ya maji ya Bahari ya Hindi, sote tulifurahi, nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini madaraja hayo yanavuta pumzi ya chumvi mchana na usiku, na mwaka wa arobaini wa uhai wake hautakuwa na bendi. Mwananchi ana haki ya kuuliza leo: tulipokabidhiwa madaraja ya namna hii, tulikabidhiwa na vipimo vya mwanzo vya kloridi na volteji, ili wajukuu wetu wawe na cha kulinganishia? Vinatunzwa wapi, na nani anaruhusiwa kuviona?

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Mikataba ya madaraja, magati, shule na hospitali zote za ukanda wa pwani iwe na sharti la kuzika vihisi na kukabidhi visomaji pamoja na ramani yake, wala mradi usihesabiwe umekamilika bila hivyo. Matokeo ya ukaguzi yachapishwe kila mwaka, jengo kwa jengo, kwa lugha ambayo mzazi ataielewa. Fungu la matengenezo lisihamishwe bila sababu kutolewa hadharani. Na atakayeandika neno *hatari* alindwe.

Kwenu watumishi wa umma: Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ilipitishwa mwaka 2015. Isomeni, mjue inawalinda wapi na wapi inapungua, na mwandike taarifa zenu kwa tarehe na saini. Kwenu wanaharakati: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa mlango wa kuomba ripoti za ukaguzi wa majengo. Ni kazi isiyo na maandamano wala picha nzuri, lakini inaokoa watu. Kwenu wanafunzi wa uhandisi: siku moja mtaombwa mbadilishe neno moja tu katika taarifa. Mkatae kwa adabu.

Nawe, ndugu msomaji, jengo unalofanyia kazi au analosomea mwanao lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na taarifa ya ukaguzi huo iko kwa nani? Anza kwa kuuliza hilo, na uliulize kwa maandishi.